Maji ya Ukungu na Mbavu za Manju Mabula

Kila kijana anayekuja kunijulia hali hapa kwangu Bariadi hunisalimia vizuri, huniita mayu, yaani mama, hunywa uji, kisha huuliza lile swali lake. "Mayu Nkwimba, hivi kazi yako ilikuwa kazi gani hasa?" Nikiwa na haraka hujibu kwamba nilikuwa fundi wa maabara. Nikiwa na nafasi husema ukweli: nilikuwa mfugaji wa ukungu. Majirani zangu walifuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Mimi niliamka asubuhi kwenda kuulisha ukungu pumba, kuufunika usishikwe na baridi, kuufunua usizidiwe na joto, na kuunusa. Nimelipwa mshahara kwa kunusa mpaka nikastaafu, na pua hii mnayoiona bado ni nzima.

Sasa nasikia baadhi yenu mmeanza kazi hiyohiyo, na mna vipimo vya joto vinavyotuma ujumbe kwenye simu. Hongereni. Ila nimeiona picha ya trei zenu mliyonitumia, na siwezi kuwaficha: mmelowesha pumba kupita kiasi. Kaeni kitako niwaeleze mambo ambayo simu haitawaambia, halafu nitawapa ya Manju Mabula, maana najua ndiyo mliyoyafuata.

Ukungu hauna meno wala tumbo. Ukitaka kula, hutema mate yake juu ya chakula, mate yakakiyeyusha, ndipo ukanyonya. Mate hayo ndiyo mnayoyaita vimeng'enya. Ninyi wenyewe mnavyo kinywani. Chukua kipande cha michembe, viazi vyetu vile vya kukausha, ukitafune bila kukimeza, na baada ya muda utaona utamu unaongezeka. Hakuna aliyekuwekea sukari, ni mate yako yamefanya kazi. Sisi tuliushawishi ukungu uteme mate mengi kuliko unavyohitaji, kisha tukauibia. Tuliulisha vitu ambavyo watu wa Simiyu walikuwa wakivichoma moto au kuvitupa mtaroni: maganda ya mbegu za pamba, pumba chafu za mahindi, na pumba za mpunga tulizoletewa kutoka Nyashimo.

Mate ya ukungu wetu yalikuwa hodari kwa kazi moja, kunyonyoa manyoya kwenye ngozi ya ng'ombe. Kabla yake karakana yetu ya ngozi ilitumia chokaa na dawa kali. Harufu yake ilikufuata mpaka kanisani, na maji yaliyomwagwa nje yaliua majani yote hadi barabarani. Kwa maji ya ukungu, yaani mate hayo tuliyoyakamua kwenye pumba, unalaza ngozi kwenye pipa, unasubiri, kisha unasukuma manyoya kwa kidole gumba na yanateleza yenyewe. Hakuna kisu wala jasho.

Aliyenifundisha ni Mzee Shija, mtu wa Nyalikungu kule Maswa, msimamizi wetu. Alikuwa na maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa matusi madogomadogo ya kukufanya uamke. Somo lake la kwanza lilikuwa ngumi. Uloweshe pumba, uchanganye na maganda, kisha ukamate konzi moja na kuiminya. Maji yakichuruzika kati ya vidole, umepika uji, na uji huliwa na vijidudu vingine, si ukungu wako. Mchanganyiko ukimwagika kama mchanga, ukungu utakufa kwa kiu. Unatakiwa uwe kama ugali wa kapera: unasimama vizuri, lakini ukiugusa unapasuka. Nyie wenye vipimo, naomba muiminye hiyo ngumi hata kama kipimo kimesema sawa.

Somo la pili lilikuwa subira. Pumba zilipikwa kwa mvuke kwenye pipa ili kuua kila kilichomo, kisha zikatandazwa kwenye trei zipoe ndipo tunyunyize mbegu za ukungu. Mara yangu ya kwanza nilinyunyiza zikiwa bado za moto, maana nilitaka kuwahi mnada. Mzee Shija alikuja, akaweka kiganja juu ya trei, akavua kofia. "Wote tusimame kidogo," akasema. Tukasimama, karakana nzima. "Tuna wenzetu wametangulia." Akavaa kofia, akaondoka, nami nikaanza kupika pumba upya huku wenzangu wakinipa pole za msiba hadi jioni.

Siku hizi mnasema ukungu unatoa joto, kana kwamba ni habari mpya. Ukungu ukikolea kazini unapata homa. Nilikuwa napitisha kiganja chini ya kila trei kama mnavyogusa paji la uso wa mtoto, na nikikuta joto limezidi navunjavunja matabaka ili upepo upite. Kisha nainusa. Trei nzuri hunukia kama michembe inayoanza kuchemka. Trei mbovu hunuka zizi la mbuzi wakati wa masika, na hiyo usiionee huruma, kaifukie. Mavuno hufanywa ukungu ukiwa mweupe. Ukishageuka kijani, umeacha kufanya kazi na unafikiria kuzaa, na hapo hakuna mate utakayopata. Na barakoa mvae, ule unga wa kijani ukiingia kifuani hautoki kwa kukohoa.

Tulikuwa na majirani wenye mbuzi. Siku moja tulianika nje makapi ya pumba tuliyokwisha kuyakamua, mbuzi wakayamaliza. Tulingoja kwa hofu kuona kama wataugua, lakini hawakuugua, na hilo ndilo lililotuponza. Tangu hapo kila asubuhi tuliwakuta wamejipanga mlangoni kabla hatujafungua, na mwenye mbuzi alikuja kulalamika kwamba nyumbani kwake hawataki tena majani. Mzee Shija aliwatazama wale mbuzi, akatutazama sisi, akasema hao ndio wafanyakazi pekee wanaowahi kazini.

Haya, twende kwa Mabula. Lakini lazima kwanza mjue habari ya eksirei, la sivyo mtapotea.

Huwezi kuchukua ngozi ya mtu ukaitumbukiza kwenye maji ambayo hujui nguvu yake. Tulihitaji kuyaonja, na kwa ulimi haiwezekani. Njia aliyotufundisha Mzee Shija ilikuwa filamu kuukuu za eksirei. Ile picha nyeusi imeshikwa na utando mwembamba wa gundi juu ya plastiki. Unadondosha tone la maji ya ukungu, unasubiri kidogo, unapangusa kwa kidole. Mate yakiwa dhaifu, picha inabaki. Yakiwa na nguvu, picha inatoka na kuacha dirisha safi unaloweza kuona upande wa pili. Hospitali nyingi sasa zinaangalia eksirei kwenye kompyuta, kwa hiyo filamu zilikuwa adimu, tukawa tunaomba kwa watu waliozihifadhi majumbani. Mngeshangaa. Wengine waliziweka sandukuni pamoja na hati za shamba.

Mabula alikuwa manju, kiongozi wa kundi la ngoma, mwimbaji ambaye akikutungia wimbo wa kejeli unahama kijiji. Alikuwa na mke anayeitwa Milembe na dume la ng'ombe lililoitwa Mheshimiwa. Alilipa jina hilo kwa sababu lilitembea polepole, lilikula vya wengine, na kila mtu alilipisha njia. Vya wengine maana yake hasa ni viazi vya Milembe. Dume lile lilikuwa na desturi ya kuingia shambani kwake kila likipata upenyo, na likishashiba lilikuwa likilia kwa sauti nzito yenye mkwaruzo mwishoni, kama mzee anayesafisha koo. Milembe akisikia sauti ile, hata awe anasonga ugali, alikuwa akipaza sauti bila kuinua kichwa: "Mtoeni huyo kwenye viazi vyangu!" Mtaa mzima tulijua saa kwa kelele hiyo.

Mheshimiwa ndiye aliyemvunja Mabula mbavu mbili kwa teke. Mabula alipelekwa hospitali, akapigwa eksirei, akarudi nayo nyumbani kama mtu aliyepewa cheti. Kioo cha dirisha la sebuleni kilikuwa kimepasuka, basi filamu ikawekwa pale. Kila mgeni alionyeshwa mbavu kabla ya kuonyeshwa kiti. Na dume hakulichukia hata siku moja. Alisema mwenye kosa alikuwa yeye, alipita nyuma ya mkubwa bila kubisha hodi.

Mheshimiwa alikufa kwa uzee. Mabula alilia waziwazi, mtu mzima yule, na pale mnadani mbele ya watu wote, wakiwemo wapinzani wake wa ng'ambo ya mto, akaweka nadhiri: kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Mheshimiwa atasikika tena. Ngozi yake itawambwa kwenye ngoma kubwa, na kama hatasikika, yeye Mabula ataweka vijiti chini na kuacha umanju. Watu walishangilia. Wapinzani walishangilia zaidi, maana nadhiri kama hiyo ina shimo kubwa la kutumbukia.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwangu na baiskeli, ngozi imekunjwa nyuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu." Akaishusha ngozi taratibu. "Nimemleta Mheshimiwa. Wakinyoa kwa kisu watamkata, na ngoma yenye mkwaruzo wa kisu hupasuka siku ya watu. Wanasema wewe unanyoa kwa maji."

"Nanyoa kwa maji, baba, lakini sikiliza vizuri." Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Maji yale hayajui kuacha. Yakimaliza kazi kwenye mizizi ya manyoya yanaanza ngozi yenyewe, na joto la Simiyu linayachochea. Ngozi ingeingia jioni maji yakiwa ya baridi, na kesho yake ilikuwa lazima itoke kabla jua halijawa kali. Ikichelewa, tungetoa mlenda.

"Sina ngozi nyingine," akasema. "Mheshimiwa alikuwa mmoja."

"Najua."

"Basi mtunze." Akalipapasa lile furushi, akapanda baiskeli akaenda.

Jioni tukaitumbukiza kwenye pipa la buluu, nikaweka mfuniko, nikaenda nyumbani. Na kesho yake ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu, kwa nia njema kabisa, alikuwa Milembe.

Alifika mapema asubuhi akiwa na kitu kimefungwa kwenye khanga. Akakifungua. Ilikuwa ile eksirei ya dirishani.

"Nimesikia mnazitafuta hizi. Chukua, mayu."

"Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe ametoka, ataona dirisha likiwa na kioo kipya. Mimi mume wangu namtaka kwa nje. Ndani sina haja ya kumwona kila ninapofagia."

Nilipaswa kukataa? Labda. Lakini filamu zilikuwa zimetuishia, na nilikuwa na trei mpya ya kupima. Milembe akaenda kutafuta fundi wa vioo. Nikaiweka filamu mezani kwenye mwanga, nikadondosha matone mawili upande wa kulia, nikasubiri. Nilipoinua kidole kupangusa, kivuli kikaziba mlango. Mabula alikuwa amekuja kumwona Mheshimiwa.

Hakusalimia. Alitazama filamu. Aliutambua ule ubavu wake uliounga vibaya, ambao ameuonyesha kwa wageni miaka na miaka. Akatazama kidole changu. Na mimi, kwa mazoea tu ya mkono, nikapangusa. Mbavu mbili zikatoweka.

"Yaya! Hapana!" akapiga ukelele, akajishika ubavu wa kulia. "Yaya, mayu! Hizo ni zangu!"

"Baba, hii ni picha tu."

"Nimeona kwa macho! Zilikuwepo, umepangusa, hazipo!" Akajipapasa. "Nasikia hapa. Pamekuwa na upepo."

Msicheke sana. Nyie mmezaliwa na kamera mikononi. Fikirini manju, wiki chache kabla ya mashindano. Kwetu manju hutembea na kinga zake, halali mahali pasipojulikana, hapokei maji ya mtu hovyo, maana wapinzani nao wana waganga wao na kila mmoja anamtegea mwenzake. Mtu wa namna hiyo anaingia kwenye karakana yenye mapipa, harufu na mama aliyevaa barakoa, anamkuta anafuta mbavu zake. Ningekuwa mimi, ningekimbia. Mabula hakukimbia. Alinitazama kwa huzuni.

"Wamekununua, mayu. Watu wa ng'ambo ya mto."

"Hakuna aliyeninunua!"

"Basi zirudishe."

"Haziwezi kurudi, baba."

"Zikiwa haziwezi kurudi, hakuna atakayemgusa Mheshimiwa." Akaenda moja kwa moja hadi kwenye pipa la buluu, akageuka, akaketi juu ya mfuniko, akakunja mikono. "Siondoki hapa na mbavu pungufu."

Nilitazama mlango. Jua lilikuwa limeshaingia kizingitini na linasogea. Chini ya makalio yake, maji ya ukungu yalikuwa yanapata moto na kutafuna nadhiri yake, naye ndiye aliyeyalinda yasisumbuliwe. Nilitokwa na jasho. Kama ngozi ile ingeharibika, Mabula angeacha ngoma, na hakuna mfugaji ambaye angetuletea tena hata ngozi ya sungura.

Nikamwita Mzee Shija. Akaja na kikombe cha chai mkononi, akamtazama Mabula, akaniuliza tatizo. Nikamweleza. Akanywa chai kidogo.

"Ngozi ni yake, mbavu ni zake, makalio ni yake," akasema. "Mimi nimlazimishe kwa lipi?" Akarudi kwenye chai yake. Kwa wenye kuuliza viongozi wa zamani walikuwaje, walikuwa hivyo.

Nikamwambia Mabula ajihesabu mbavu kwa kidole. Akajihesabu, akapotea njiani, akaanza upya, akapotea tena, na hilo likamthibitishia kwamba hazijatimia. Nikamwambia nitazichora upya kwa kalamu. Hapo alifikiri kwa muda.

"Kalamu gani?"

"Ya wino mweupe."

"Wino wa dukani?" Akatikisa kichwa. "Wewe mwenyewe ungekubali ubavu wa dukani?"

Jua lilifika kwenye mguu wa meza. Nilianza kumsihi, na nilipoona kusihi hakusaidii nikaanza kumgombeza, naye akanivumilia kama mgonjwa anavyomvumilia nesi. Kisha, katikati ya kelele zangu, akauliza swali. Nimelifikiria mara nyingi swali lile, lilikuwa zuri kuliko yote tuliyoulizwa na wageni waliokuja na magari.

"Mayu, ulisema maji haya yanakula manyoya na ngozi. Mbavu zangu zina manyoya?"

"Hazina."

"Zina ngozi, kule ndani?"

"Hazina, baba."

"Sasa zimeliwaje?"

Nikaiinua ile filamu, nikamwonyesha. "Mbavu hazikuliwa. Kilicholiwa ni gundi iliyoshika picha. Na gundi ile hupikwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe. Maji yalipoiona, yalidhani ni ngozi, yakala. Yako hivyo, hayachagui."

Akakunja uso. Nikaona anapanga ng'ombe wake kichwani mmoja mmoja.

"Gundi ni ya ngozi ya ng'ombe."

"Ndiyo."

"Maji yameila sasa hivi, mbele yangu. Kwa muda huu mfupi tu."

"Ndiyo, baba."

Polepole sana akainamisha kichwa, akatazama kati ya magoti yake, kwenye mfuniko.

"Na Mheshimiwa?"

"Yumo humo tangu jana jioni," nikasema, "na umemkalia."

Sijawahi kuona mtu aliyepungukiwa mbavu akiruka namna ile. Mfuniko uligonga dari. Ngozi mbichi ya dume zima, imeloa, kwa kawaida tuliitoa watu watatu na bado tulilalamika. Mabula alizamisha mikono hadi mabegani, akaivuta peke yake, akaitoa huku anaita, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" kama anayemwokoa ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Manyoya yote yalibaki kwenye maji. Tukaibeba hadi kwenye bomba, tukaisuuza, tukaisuuza tena na tena hadi mikono ikafa ganzi, maana maji safi ndiyo dawa pekee ya kuyanyamazisha yale mate.

Kisha tukaitandaza. Ilikuwa nyeupe, nyororo, bila hata mkwaruzo, ngozi nzuri kuliko zote nilizowahi kunyoa. Isipokuwa mahali pamoja, karibu na katikati. Mabula alipapata kwa kidole gumba, akasimama.

"Hapa pamekuwa laini kama sikio," akasema.

Nilipagusa. Alikuwa sahihi. Maji yalikuwa yameshaanza. Ilinichoma moyo, nami sioni aibu kulisema hilo.

"Atalia?" akauliza. Hakuwa na hasira tena, na hilo liliniumiza zaidi.

"Sijui, baba. Ikipasuka, itapasukia hapa."

"Tungeweza kuikata sehemu hiyo?"

"Tungeweza, ila ngoma itakuwa ndogo."

"Niliahidi kubwa." Akaikunja, akaifunga kwenye baiskeli. Kabla hajapanda akarudi ndani, akachukua ile filamu yake mezani. Nilifikiri anaipeleka kwa mganga. Kumbe aliirudisha palepale dirishani, akamzuia fundi wa vioo mlangoni. Baadaye Milembe aliniambia imekuwa afadhali, kwa kuwa pale mbavu zilipofutika sasa anaona shamba lake la viazi bila kutoka nje.

Wiki zile kabla ya mashindano sikulala vizuri. Watu walipata habari, wakaanza kuja na eksirei zao. Hawakuleta ngozi. Mmoja alisafiri kutoka Malampaka ili nimfutie uvimbe kwenye goti. Mama mmoja alitaka nifute doa kwenye pafu la mwanawe, akanionyesha kwa kidole, "hapa tu, mayu, kadogo." Huyo sikumcheka. Nilifunga kazi siku hiyo, nikaongozana naye hadi hospitali, tukampeleka mtoto mwenyewe badala ya picha yake.

Siku ya ngoma uwanja ulijaa. Kwetu hakuna mwamuzi wa kuandika alama. Makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Watu wa ng'ambo ya mto walianza kwa kishindo, wakiwa na mchezaji aliyezungusha chatu shingoni, na uwanja wote ukahamia kwao. Upande wetu tulibaki ndugu, wadeni wa Mabula, na mimi. Milembe alikuwa ameketi chini karibu nami, ameupa kisogo uwanja, anamenya viazi vya wapigaji. Alikuwa amesema hatatazama.

Ngoma ile kubwa ilisimama mbele ya Mabula, na kutoka nilipokuwa niliiona ile sehemu laini, inang'aa kidogo kuliko kwingine. Aliinua vijiti. Nilifumba macho.

Akapiga. Sauti ilitoka nzito, ikatambaa ardhini, na pale mwisho, kwenye ule ulaini, ikapata mkwaruzo, kama mzee anayesafisha koo. Akapiga tena. Mkwaruzo uleule.

Na Milembe, kisu mkononi, kiazi mkononi, bila kuinua kichwa, akapaza sauti iliyosikika uwanja mzima:

"Mtoeni huyo kwenye viazi vyangu!"

Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Kisu kikamwanguka. Akaziba mdomo kwa khanga, akageuka kuitazama ngoma, macho yakamjaa machozi, yeye aliyelichukia dume lile maisha yake yote. Mabula alikuwa analia na kupiga, anapiga na kulia. Vijana wawili wa upande wetu walikuwa wameshakimbia na fimbo kulitafuta dume. Na watu wa upande wa pili waliposikia kuna ng'ombe kaingia shambani, wakaacha chatu wao, wakaja wote mbio kuona ni ng'ombe wa nani.